Maji Meupe Tupu: Kupiga Picha ya Maporomoko Kabla ya Kukimbilia Filta

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi. Nimenunua Canon ya mtumba yenye lenzi ya 18-55. Juzi tuliwapeleka wanafunzi kwenye maporomoko ya Materuni, tukafika kwenye maji kama saa sita mchana, jua kali. Nilitaka yale maji laini ya kwenye kalenda. Nikaweka Tv, nikashusha kasi hadi nusu sekunde; namba ya f ikawa inawakawaka na picha zikatoka nyeupe kama shuka. Nikipandisha kasi, maji yanaganda na kuonekana magumu. Muuza kamera ananiambia bila filta ya ND sitafika popote, na bei yake si mchezo. Ni kweli? Na wanafunzi wenye simu tu niwaambie nini?

Jibu:

Mwalimu, hiyo pesa ya filta ya ND, yaani kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, iache ikae kwanza. Muuzaji hajasema uongo: kwa saa mliyofika, nusu sekunde bila filta haipatikani. Ila kilichokuangusha ni saa, si kamera.

Ile namba iliyokuwa inawakawaka ndiyo iliyokuwa inakueleza tatizo. Ukiwa kwenye Tv, wewe unachagua kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera linakaa wazi kupitisha mwanga, kamera inajitafutia apecha, yaani upana wa tundu linalopitisha mwanga ndani ya lenzi. Ulipodai nusu sekunde, kamera ililiminya tundu mpaka mwisho wake, f/22 au zaidi kidogo, ikaona mwanga bado umezidi, ikaanza kuwakawaka kukuambia kwamba haina pa kwenda tena. Wengi wakiona hivyo hudhani kamera inatafuta fokasi, wanabonyeza tu.

Tufanye hesabu kidogo, maana itakusaidia kila uendako. Jua la mchana lisilo na wingu, ukiwa na ISO 100 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga) na f/16, linataka kasi ya 1/100 ya sekunde au karibu na hapo. Ni kanuni ya zamani, tangu enzi za filamu, na bado haijazeeka. Ukibana hadi f/22 unapata 1/50. Hapo ndipo ukuta ulipo. Wewe ulitaka 1/2, yaani uliiachia kamera mwanga mara 25 ya unaohitajika. Picha isingeacha kuwa nyeupe.

Sasa rudi mahali pale pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au saa moja, kabla jua halijaingia kwenye korongo. Kwa f/11 na ISO 100, chini ya miti mikubwa, kamera yenyewe itaomba robo sekunde, nusu, hata sekunde nzima. Hujabana tundu mpaka mwisho, hujanunua kitu. Siku ya mawingu mazito inakupa mwanga wa namna hiyo hata saa nne au saa tisa. Hali ya hewa inayowanunisha watalii ndiyo yetu sisi.

Kuna faida ya pili, na kwangu mimi ni kubwa kuliko ya kwanza. Saa sita jua linachoma kipande cha maji na kuacha kipande kingine kwenye kivuli cheusi, na majani yanang'aa kwa mabaka. Tofauti hiyo ya mwanga hakuna kamera inayoimeza yote kwa picha moja, na filta ya ND haiipunguzi hata kidogo. ND inatia giza kila kitu kwa usawa. Kwa hiyo ungeinunua, ukarudi saa sita, ungepata maji laini ndani ya picha mbaya.

Kwa nyinyi mnaokaa upande wa Moshi kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havitakuambia. Mito ya upande huo wa Kilimanjaro inateremka kuelekea kusini, kwa hiyo maporomoko yake mengi yanatazama kusini. Moshi iko takriban digrii 3 kusini mwa ikweta. Kati ya Aprili na Septemba jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini, yaani nyuma ya ukuta wa maporomoko, na ukuta unajikinga wenyewe kwa sehemu kubwa ya siku. Desemba na Januari jua linahamia kusini na kuupiga ukuta usoni. Ndiyo maana mtu anaweza kwenda Julai akarudi na picha nzuri za saa nne, mwenzake akaenda Januari saa hiyo hiyo akaambulia weupe. Fungua dira ya simu ukiwa umesimama mbele ya maji, uone yanatazama wapi, uandike kwenye daftari. Kila poromoko lina saa yake, na ukiijua mara moja umeijua milele.

Msimu nao una lake. Wakati wa masika maji ni mengi lakini baada ya mvua kubwa huwa na tope, na ukungu wa matone unajaa korongo zima. Mwishoni mwa kiangazi yanapungua. Hayakauki kwa urahisi, kwa sababu mito ile inategemea zaidi mvua ya ukanda wa msitu wa mlima kuliko barafu ya kileleni, hata kama waongoza wageni hupenda kusimulia habari ya barafu. Mimi hupendelea Juni na Julai: masika yameisha, maji bado yapo, tope limetulia, na jua liko nyuma ya ukuta.

Ukitaka upinde wa mvua, hapo geuza ushauri wote huu, maana unahitaji jua. Liwe mgongoni mwako na lisiwe juu sana. Ukiwa umesimama chini kwenye bwawa, upinde unapotea jua likivuka kama digrii 42 juu ya upeo, na kwetu huku linafika hapo saa tatu na nusu asubuhi hivi. Jioni linarudi chini ya kimo hicho kwenye saa tisa na nusu. Ukiwa juu ya genge ukitazama matone yaliyo chini yako, unaweza kuuona hata katikati ya mchana.

Tuje kwenye kasi yenyewe. Watu huuliza, "Maji yanapigwa kwa kasi gani?" kana kwamba maji yote ni ya aina moja. Maji yaliyodondoka mita 5 tu yamekwisha kufikia mwendo wa karibu mita 10 kwa sekunde. Kwa robo sekunde yamepita mita mbili na nusu. Kijito kinachotembea taratibu kati ya mawe, tuseme mita moja kwa sekunde, kwa robo sekunde hiyo hiyo kimesogea sentimita 25. Ndiyo maana poromoko kubwa ukilikaribia linalainika hata kwa 1/8, wakati kijito kinataka nusu sekunde hadi sekunde mbili. Umbali nao unabadilisha mambo: poromoko lile lile ukilipiga kutoka ng'ambo ya bonde linachukua sehemu ndogo ya picha, na unalazimika kushusha kasi zaidi ili mwendo uonekane.

Nikiwa mahali nisipopajua hupiga kwa 1/15, 1/4, sekunde moja na sekunde nne bila kuhamisha kamera, kisha nakuza picha kwenye kioo cha nyuma na kuangalia sehemu moja tu: pale maji yanapogonga jiwe na kugawanyika. Kwenye 1/15 unaona matone yamekuwa vistari vifupi. Kwenye robo sekunde vistari vimeungana kuwa nyuzi, na kati ya uzi na uzi bado unaona weusi wa mwamba. Kwenye sekunde moja nyuzi zimeanza kuzibana. Kwenye sekunde nne zimekwisha, limebaki bamba jeupe. Chagua ile ya mwisho ambayo bado ina nyuzi. Kuna wanaopenda maporomoko ya sekunde 30, na picha ni zao, lakini mimi naona maji yakipoteza nyuzi yamepoteza nguvu, na mtazamaji hajui tena kama yanaanguka au yamening'inizwa.

Wala usidharau kasi ya juu. Wakati wa masika, maji yanapogonga kwa hasira na kurusha matone hewani, 1/1000 inaeleza ukweli kuliko nusu sekunde. Yako yalionekana magumu kwa sababu ya jua la utosini, nadhani, kuliko kwa sababu ya kasi.

Kuna mtego mmoja utakaokukuta hata asubuhi. Mita ya kamera inapima wastani wa kila inachokiona, na mbele ya poromoko inaona zaidi mwamba mweusi uliolowa na msitu wa kijani kilichokolea. Inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na maji ambayo ni meupe tayari yanaungua. Kwa hiyo hata ukifika saa moja unaweza kupata maji matupu yasiyo na alama yoyote ndani. Bonyeza kitufe cha fidia ya mwanga, kile chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ushuke hadi kutoa 1. Washa pia onyo la sehemu zilizoungua kwenye menyu, ili ukitazama picha sehemu hizo ziwakewake. Vitone vichache kwenye povu ni sawa. Ukiona uzi mzima wa maji unawakawaka, shuka tena. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi la picha, maana giza la kwenye mwamba unaweza kulifungua baadaye kwenye kompyuta, lakini maji yaliyoungua hayarudi. Na hakikisha ISO umeifunga kwenye 100. Kamera nyingi za mtumba zinafika zikiwa kwenye ISO ya kujiendesha, nayo itakupandishia kimyakimya.

Kwa lenzi yako usipite f/11 au f/13 bila sababu. Kwenye kamera za sensa ndogo kama hiyo (sensa ni kibamba kinachopokea picha ndani ya kamera), tundu likibanwa sana mwanga unatawanyika ukingoni mwake na picha nzima inakuwa laini, hata mawe. Halafu f/22 inafichua kila punje ya vumbi iliyo kwenye sensa. Kamera ya mtumba haikosi vumbi, amini usiamini.

Kuhusu kuishikilia: kwa nusu sekunde mkono wa mtu hautoshi. Kama huna tripodi, shona mfuko wa kitambaa kigumu, weka kilo moja na nusu ya maharage makavu, uufunge vizuri. Uweke juu ya jiwe, ubonyeze katikati upate kishimo, ulaze kamera humo. Kwa picha za kijito naupenda kuliko tripodi, kwa sababu kamera inakaa chini karibu na maji, na mawe ya mbele yanapata ukubwa wao. Mwenye tripodi aizamishe miguu mpaka ikae kwenye mwamba, si kwenye changarawe, na asivute ile nguzo ya katikati. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise kamera. Zima swichi ya kutuliza mtikisiko kwenye ubavu wa lenzi, maana kamera ikiwa imetulia tayari, lenzi za zamani hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzalisha. Na ukitoa jicho kwenye kitundu cha kutazamia, kifunike: mwanga unaoingia kwa nyuma unaidanganya mita. Mikanda mingi ya Canon ina kipande cha mpira kwa kazi hiyo. Watu wanatembea nacho miaka bila kujua ni cha nini.

Majani nayo yatakusumbua. Karibu na poromoko kubwa kuna upepo unaosukumwa na maji yenyewe, na kwa nusu sekunde migomba na kangaga vinakuwa ukungu tu. Piga picha mbili bila kugusa kamera: moja ya kasi ndogo kwa ajili ya maji, nyingine ya kasi kubwa yenye ISO 800 kwa ajili ya majani, kisha uziunganishe nyumbani. Au tafuta fremu isiyo na majani ya karibu.

Sasa filta. Ukipata pesa, ya kwanza kununua si ND. Nunua poleraiza. Mwamba uliolowa, majani yenye maji na uso wa bwawa vyote vinarudisha mng'ao mweupe wa anga, na mng'ao huo ndio unaofanya picha za msituni zionekane kama zimepauka. Izungushe poleraiza taratibu huku ukitazama jani moja lililolowa: kuna mahali mng'ao unazimika ghafla na kijani kinatokea, na kwenye kijito unaanza kuona kokoto za chini. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kukurudishia hilo baadaye. Tena inakula mwanga, hatua moja hadi mbili (kila hatua inaukata mwanga nusu), kwa hiyo kasi yako ya 1/4 inakuwa nusu au sekunde nzima. Angalia tu isikufutie upinde wa mvua; ukiizungusha vibaya inaumeza wote. Kipenyo kimeandikwa mbele ya lenzi kando ya alama ya duara lililokatwa. Lenzi nyingi za Canon DSLR za 18-55 ni milimita 58, lakini soma ya kwako.

Ikiwa baada ya hapo bado unaitaka ND, chukua ya hatua 6, inayoandikwa ND64. Kasi ya 1/30 inakuwa sekunde mbili. Ile ND1000 wanayoisifia inaigeuza 1/30 kuwa zaidi ya nusu dakika. Hiyo ni ya bahari na ziwa, si ya Materuni. Na zile za kuzungusha ambazo filta moja inadai kufanya kazi ya zote, za bei rahisi hasa, ukizikaza mpaka mwisho kwenye lenzi pana zinachora msalaba mweusi katikati ya picha.

Kuna njia nyingine isiyogharimu shilingi. Weka kamera imara, piga picha nane mfululizo kwa 1/15 bila kubadilisha chochote, kisha zipange kama tabaka kwenye GIMP, programu ya bure. Tabaka la chini liwe na uzito (Opacity) wa asilimia 100, la pili 50, la tatu 33, la nne 25, la tano 20, la sita 17, la saba 14, la nane 13. Unachopata ni wastani wa zote nane, sawa na kuacha shata wazi nusu sekunde, na chengachenga za gizani zinapungua pia. Usipige kwa 1/500 ukidhani itakuwa sawa: matone yatabaki madoadoa badala ya nyuzi.

Kwenye upangaji wa picha nitasema machache. Ondoa anga. Kipande cheupe cha anga juu ya poromoko kinashindana na maji kwa weupe, na mara zote kinashinda. Usilazimishe poromoko zima liingie. Kata kipande ambapo maji yanagawanyika kwenye mwamba mweusi. Ukitaka urefu wake uonekane, weka mtu. Bila mtu, hata Sanje ya Udzungwa yenye mita 170 inaweza kuonekana kama ya nyuma ya shule. Mwanafunzi mmoja mwenye sweta la rangi iliyoiva, asimame kwenye jiwe salama, umwambie asitikisike mpaka asikie shata imefunga. Nusu sekunde anaweza.

Matone yatakufuata kwenye lenzi. Kaa na mfuniko mpaka sekunde ya mwisho, geuza kamera mgongo kwa maji ukiwa unafuta, na beba vitambaa kadhaa vya kufutia miwani kwa sababu cha kwanza kitalowa. Usifutie shati.

Na kwa kuwa unakwenda na watoto wa watu: mvua inaweza kunyesha juu msituni nyinyi chini mna jua. Maji yakibadilika rangi ghafla, yakianza kushusha majani na vijiti, au mngurumo ukibadilika, watoe wote kwenye mto wakati huo huo, tripodi ibaki. Anayewaongoza kutoka kijijini anazijua dalili hizo kuliko sisi. Akisema tuondoke, msibishane. Mawe yenye utelezi wa kijani msiyakanyage hata yakionekana makavu.

Sasa hao wa simu. Tundu la lenzi ya simu nyingi halibanwi, liko wazi muda wote, kwa hiyo kwao kivuli na mapema ni lazima zaidi kuliko kwako. Mwenye iPhone awashe Live, apige akiwa ameegemeza simu kwenye jiwe, kisha afungue picha hiyo na kuchagua Long Exposure; simu itaunganisha fremu za zile sekunde tatu kuwa maji laini. Ubora unashuka kidogo, lakini kwa WhatsApp na ubao wa shule inatosha kabisa. Mwenye Samsung yenye hali ya Pro aweke ISO ya chini kabisa na kasi ya 1/8 hadi 1/4, na kipima muda cha sekunde 2. Simu nyingine za Android zinahitaji programu ya kamera inayoruhusu kuchagua kasi. Na kama kuna mwalimu mwenye miwani ya jua ya poleraiza, ikopeni: shikilieni kioo kimoja mbele ya lenzi ya simu, mkizungushe mpaka jani lililolowa lipoteze mng'ao, ndipo mpige.